Ratemo, Shujaa Aliyezikiwa Mgomba

Kwako Onchari, mwanangu,

Umelala. Nasikia unavyokoroma kama fundi anayepiga randa, na sanduku lako liko mlangoni limefungwa kamba. Mambo ya blanketi, sabuni na kuchemsha maji nimekuimbia wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza, kwa hiyo hayamo humu. Humu tumo mimi na baba yako, na yule mtu wetu Ratemo.

Jioni ulipokuwa ukikaza kamba uliniuliza bila kuniangalia, "Mama, nikimwona huko Kericho, nimwambie nini?" Nikajifanya nashughulika na moto. Nikasema kuni ni mbichi. Kuni hazikuwa mbichi, nawe ulijua, ukaniacha ukaenda kulala. Swali lako bado liko hapa jikoni pamoja nami, na asubuhi utaondoka mapema, kwa hiyo acha nilijibu sasa.

Naandika kwa Kiswahili, na usinicheke. Ekegusii ndiyo lugha yetu ya kugombana na ya kusali, na nikiyaandika haya kwa Ekegusii nitalia kabla sijageuza ukurasa. Kiswahili nilikipata utotoni mjini Kisii, nilipokuwa nikifanya kazi kwa Mama Zuhura, mke wa yule mwenye duka la vitambaa. Alinifundisha kusoma na kuandika huku tukichambua mchele. Alikuwa na msemo kwa kila jambo, na aliokuwa akiupenda zaidi ni "Asiyekuwepo na lake halipo." Niliondoka kwake na msemo huo nikaja nao hapa kwa ndoa, nikautumia mpaka ukaniumiza mwenyewe.

Baba yako alikwenda Uganda, kwenye migodi ya shaba, wewe ukiwa unatambaa. Mwanzoni tulipata salamu zake kwa watu wanaorudi likizo. Kisha salamu zikakatika. Halafu akaja mtu wa Nyaramba aliyefanya kazi naye, amebeba koti, akasema palikuwa na ugonjwa kambini, Makori amekufa na amezikwa hukohuko. Kuzikwa kwenyewe hakukuona kwa macho yake. Baba yako mkubwa Nyandoro aligeuza lile koti akaona kiraka nilichokishona mimi begani, na hapo kilio kikaanza.

Wazee wakasema mtu wetu hawezi kuachwa ugenini bila mahali pake nyumbani. Kama mwili haupatikani, hukatwa mgomba, ukafungwa kwa blanketi, ukaitwa kwa jina lake na kuzikwa kama yeye. Mimi wakati huo ndio nilikuwa naanza kwenda kanisani. Akina mama wa kanisa walisema hayo ni mambo ya kale, wakakaa makwao hadi kaburi lilipofukiwa, ndipo wakaja na uji na nyimbo. Nilikuwa katikati, na nilikuwa nimechoka mno kuweza kubishana na upande wowote.

Wewe ndiwe kifungua mimba, kwa hiyo ulipaswa kutupa udongo wa kwanza. Mkono wako ulikuwa mdogo, Nyandoro alikushika kifundo akakuelekeza. Ulichungulia kaburini ukimtafuta baba yako, ukauliza kwa sauti, "Tata ni mgomba?" Watu wazima walifunika midomo yao. Hata mimi mfiwa nilicheka ndani ya leso, kisha nikaona aibu. Hukulia siku ile. Uliendelea kuangalia mikono yako yenye udongo.

Aliyekata ule mgomba aliukata kwa haraka, akaung'oa pamoja na kipande cha shina lake la chini. Masika yalipofika, kaburi likachipua. Nyanya yako alikiona kile kichipukizi asubuhi akaangusha mtungi wa maji. Nyandoro alisema kuna mjinga alifanya kazi ya kijinga, akaja na panga kabla majirani hawajaamka. Wewe ulikuwa umeshatangulia, umesimama juu ya kaburi na miguu umeitanua.

"Msimkate," ulisema. "Anatoka."

Nyandoro alikubeba kwa mkono mmoja akakata kwa mwingine. Hapo ndipo ulipolia, ukalia mpaka ukalala bila kula.

Siku iliyofuata tulikuwa tukichuma pareto, mimi na wewe, na ukungu haujainuka. Ukaniambia, kwa utulivu kabisa, "Mama, kuna shujaa mmoja alizikiwa mgomba. Huyo hawezi kufa tena. Kifo chake kimechukuliwa na mgomba." Nilibaki na ua mkononi. Kisha ukanipa kazi: "Wewe uwe unaniambia yuko wapi. Mimi nitakwambia anafanya nini."

Hivyo ndivyo mchezo wetu ulivyoanza, na sijui kama kuna watu wengine duniani waliowahi kucheza namna hiyo. Nilikuwa nikisema: amefika mtoni, maji yamejaa, ng'ambo kuna mtu ameshika mwenge. Ukasema: anamwita. Tukarusha kipande cha kibuyu. Kikianguka tumbo juu, mambo yake yananyooka. Kikianguka mgongo juu, yanamwendea kombo. Ulikuwa mkali wa sheria kuliko Nyandoro. Nikijaribu kukuhurumia, nikasema kibuyu kimeegemea jiwe na hakihesabiwi, ulikataa, ukamwacha shujaa wako apigwe.

Mimi ndiye niliyetaka awe na alikotoka. Nilikuambia mtu hawezi kuanza tu kutembea baada ya kufa, lazima tujue alikuwa nani. Basi tukamtungia. Tulimpa jina la Ratemo. Tulimtoa kwenye kambi za ng'ombe za zamani, zile alizonihadithia babu yangu, ambako vijana walilala na mikuki yao wakilinda mifugo, kabla serikali ya Wazungu haijazivunja. Ratemo alikuwa mdogo wao wote.

"Nani alimuua?" nikakuuliza.

"Mkuki."

"Mkuki wa nani?"

Ulichuma mistari miwili mizima kwanza. "Wa rafiki yake," ukasema. "Gizani. Hakujua ni yeye."

Nilishtuka, maana mimi nilikuwa nimemwandaa adui mkubwa mwenye ngao nyekundu. Nikamwacha adui wangu aende zake. Tulibishana pia kuhusu chakula. Nilisema mfu hali. Ukasema basi anakunywa uji tu, ule mwembamba, ili usimkae tumboni. Ulisema kivuli anacho ila kinachelewa. Yeye anafika mahali, na kivuli kinafika watu wakishamsahau. Mambo hayo uliyatoa wapi, mwanangu, hata leo najiuliza. Ulikuwa hujang'oka meno yote ya utoto.

Halafu ukauliza lile swali. "Kwa nini harudi nyumbani?"

Hapa ndipo nilipopotea, na nilipotea kwa raha. Nilikujibu kwamba analinda ng'ombe wa watu wasio na wana. Msimu uliofuata nikaongeza kwamba amekula kiapo. Kisha nikaongeza daraja lililovunjika, na mkuu mmoja mbaya aliyeficha jina la Ratemo chunguni, na bila jina hilo hawezi kuiona njia ya kwao. Kila ulipouliza, nilimpamba zaidi. Ratemo hachoki. Ratemo hanywi. Ratemo amepita vijiji vyenye wanawake wazuri wakamwita kwa majina matamu, naye hakugeuza shingo. Mwanamume wa namna hiyo hajawahi kuzaliwa Nyamira wala kwingineko, na mimi niliyelala peke yangu nilimkamilisha usiku kwa usiku, wewe ukiwa umelala zamani. Nikikosa usingizi nilimwuliza mambo nikamjibia mwenyewe. Nitakuambia wazi, sasa umekuwa mtu mzima: nilimpenda Ratemo kuliko nilivyowahi kumpenda baba yako. Baba yako alikuwa na mdomo wake. Ratemo alisema nilichotaka aseme.

Kisha baba yako akaja.

Ulikuwepo, kwa hiyo sikuhadithii jambo geni, ila hatujawahi kulizungumza na ninataka ulione kutoka pale niliposimama mimi. Ilikuwa alasiri, tuko ukingoni mwa shamba. Alikuja kwa njia ya Kebirigo, amekonda, mfuko begani, viatu mkononi. Baadaye tuliambiwa kwamba pale sokoni mama mmoja alimtambua, akaacha ndizi zake chini akakimbia. Yeye alikuwa hajajua sababu. Alifika kwenye ua akaona lile tuta la udongo na mawe yake.

"Hapa amelala nani?" akakuuliza wewe, maana ndiwe uliyekuwa karibu.

"Ni wewe," ukamjibu.

Nyanya yako alijifungia ndani akawa anaita jina la Nyandoro huku akipiga ukuta. Nyandoro akaja, na mkononi hakuwa na salamu, alikuwa na sheria. Mtu aliyezikwa hawezi kuingia nyumbani hivihivi. Achinjwe kondoo, wazee wamwite jina lake mara ya pili, wamrudishe kwa walio hai. Mpaka hapo asikanyage mlango, asishike mkono wa mkewe, asile kwenye chungu chake. Akina mama wa kanisa nao walikuwa wameshasikia, wakaja mbio, wakasema huyu ni mzima, anapumua, kondoo wa nini, aingie tuombe. Wakasimama upande huu, wazee upande ule, na baba yako katikati na viatu vyake mkononi.

Nyandoro akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Sema. Kondoo ama maombi?"

Onchari, ningesema kondoo, angerudi kwa kondoo. Ningesema maombi, Nyandoro angenuna mwezi mzima kisha angezoea. Njia zote mbili zilikuwa zinaingia ndani. Watu wote walikuwa wakinisubiri, na hata mlango wa nyanya yako ulikuwa umefunguka kidogo.

Baba yako akaniambia, "Bwairire, Kemunto." Jioni njema, kama mtu aliyetoka kusaga mahindi.

Sikuitikia. Nilimwuliza, "Ulikuwa wapi?"

Akasema, "Nilipoanza kuugua walinihamisha..." Na mimi nikamkata. Nikamwambia alikuwa kwa mwanamke. Nikamwambia alikuwa kwenye pombe. Nikamwambia koti lake lilijua njia ya kurudi, yeye je, ana miguu ya nini. Nilimweleza kila kitu alichokifanya Uganda, mwaka baada ya mwaka, mimi ambaye sijawahi kuvuka Kisumu. Nilimtungia palepale uani, mbele ya watu, kwa sauti ileile niliyokuwa nikimtungia Ratemo, na maneno yalikuja tu, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umezoea. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayepewa habari za jirani yake.

Kisha nikasema, "Mume wangu nilimzika. Mtoto alitupa udongo."

Akakuangalia wewe. Wewe ulitoa kile kipande cha kibuyu mfukoni ukakirusha chini, halafu ukakikanyaga kabla hatujaona kimeangukaje. Aliinama akavaa viatu vyake, kimoja kimoja, akafunga kamba, akarudi kwa njia aliyojia. Hakuna aliyemfuata. Nyandoro akaniambia, "Mke wa Makori, umetufunga midomo sote," akaenda zake. Akina mama wa kanisa wakaimba kidogo, wimbo ukawafia.

Usiku huo uliniuliza, "Ratemo yuko wapi sasa?" Nikakujibu kwamba nimechoka. Kesho yake sikusubiri uulize, nilianza mwenyewe, nikasema amefika chini ya mlima na anaona moshi. Uliendelea kuchuma pareto. Nikasema tena, labda hukusikia. Ukasema, "Mama, kikapu changu kimejaa," ukaondoka. Hatukucheza tena. Nilikuwa nimewafukuza watu wawili kwa siku moja, na mtoto wa kucheza naye akaondoka pamoja nao.

Baadaye tuling'oa pareto tukapanda majani chai, ukaenda kusoma shule ya Nyanchwa, ukawa unarudi likizo umerefuka na una adabu. Adabu yako ndiyo iliyoniumiza. Ulinijibu kila nilichokuuliza na hukuniuliza kitu. Nilitamani sana unigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina majibu yangu, na hukunipa nafasi.

Nyandoro alipokwenda Kericho kwa mambo ya ng'ombe alimwona baba yako kwenye nyumba za wachuma chai. Anaishi peke yake, mguu mmoja anauburuta. Aliuliza habari zako. Nyandoro alipotaka kuendelea nikamwambia, "Asiyekuwepo na lake halipo," nikaendelea kumenya viazi. Akavaa kofia yake akaenda. Nafikiri alikuwa na mengine ya kusema.

Sasa usidhani ninajuta kwamba tulimtunga Ratemo. Sijuti. Ulikuwa mtoto, uliambiwa baba yako ni mgomba, kisha ukaona mgomba unakatwa. Ulihitaji mahali pa kumweka mtu huyo, nawe ulimjengea mahali pazuri kuliko pale wazee walipomchimbia. Tulipofika kwenye kifo chake tu, ulijua kwamba aliyemuua ni rafiki, gizani, bila kujua. Ulikuwa na akili kuliko mimi. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania mpaka nikawa sitaki mwingine. Nilizoea mwanamume asiyejieleza, na alipokuja mwenye kujieleza, sauti yake ilinichukiza. Ilikuwa nyembamba. Ilikuwa na kikohozi.

Nakuambia hivi kwa sababu umerithi ulimi wangu, ingawa unauficha. Unakwenda kujifunza ualimu. Atakuja mtoto darasani na shati chafu, nawe kabla hajafungua mdomo utakuwa umeshajua kwao kukoje, mama yake yukoje, atakuwa nani. Utakutana na msichana, utamtungia moyo mzima kabla hajamaliza kikombe cha chai. Itakuwa hadithi nzuri, ninakujua. Mimi nilijua uji aliokunywa Ratemo ulikuwa mwembamba kiasi gani, na mpaka leo sijui baba yako aliugua nini, wala walimhamishia wapi.

Labda ni kweli alikuwa na mwanamke. Labda ni pombe. Inawezekana nilipatia yote, na bado nilikosea.

Kesho ukishapanda gari nitarudi nyumbani nipike chungu kidogo. Naogopa, sitakuficha. Naogopa ukimya wa saa za jioni, na naogopa kwamba nitaanza kukutunga wewe: sasa anakula, sasa anasoma, sasa ananikumbuka. Siandiki haya ili urudi nyuma. Nenda. Ila uniandikie wewe mwenyewe jinsi ulivyo, hata ukiwa umefanya ya kipumbavu, ili nisipate nafasi ya kukubuni.

Na sasa jibu lako. Ukimwona, usimwambie kitu kutoka kwangu. Mimi nimeshasema ya kutosha. Mwamkie kwa heshima, ni baba yako. Keti naye. Kisha mwulize alikuwa wapi, unyamaze. Atachelewa kuanza, maana mara ya mwisho alipoanza hakuachwa amalize. Asiposema, kaa naye tu, urudi siku nyingine. Ukihisi unajua atakachosema, uma ulimi. Akimaliza, niandikie maneno yake kama alivyoyatoa, usiyapambe, na yale yanayonihusu usiyapunguze makali. Nitayasoma hapa mezani, peke yangu, na safari hii sitamkatiza.

Mama yako,
Kemunto